Filamu «Challengers»: Tashi si kombe la kugombaniwa

Bukavu. Juzi vijana wawili wa mtaa wetu nusura wapigane kwa sababu ya filamu. Mmoja alisema «Challengers» ni uchafu wa wazungu. Mwenzake akasema hakuna filamu ya mapenzi na michezo inayoishinda. Mimi nimeitazama, na nasema wote wawili wamekosa jambo lenyewe.

Filamu hiyo ilitoka mwaka 2024, imeongozwa na Muitaliano Luca Guadagnino. Art na Patrick ni wacheza tenisi wa Marekani, marafiki tangu utoto. Wote wanampenda Tashi, ambaye Zendaya ndiye anayemwigiza. Tashi ana kipaji kuwapita wote wawili, lakini akiwa chuoni anaumia goti. Anajaribu kurudi uwanjani, inashindikana. Anaolewa na Art na kuwa kocha wake. Miaka inapita, na marafiki hao wa zamani wanapambana katika mashindano madogo ya New Rochelle, karibu na mji wa New York.

Mazuri yapo, tuyaseme. Wivu hauhubiriwi, unauona kwenye jasho, kwenye macho, kwenye namna mtu anavyoupiga mpira. Hata asiyejua tenisi atangoja kuona pointi inayofuata. Muziki wa Trent Reznor na Atticus Ross unakimbiza moyo.

Lakini goti likiisha kuumia, akili yote ya Tashi inakuwa ya kumsukuma mwanaume mbele. Hakuna anayemuuliza: wewe mwenyewe sasa unataka nini? Mpaka mwisho, wanaume wanakumbatiana kwenye wavu, naye yuko kwenye viti vya watazamaji anapiga kelele.

Kasoro nyingine ni umaskini wa Patrick. Analala ndani ya gari, kadi yake ya benki inakataliwa, anagawiwa mkate na mtu asiyemjua. Lakini kwao ni matajiri! Siku akichoka, ana kwao pa kurudi. Ninyi mliokimbia vita, mnaolala chini ya hema, mnajua kwamba huo si umaskini. Filamu inautumia kama pambo tu.

Na sisi tusijione wasafi. Kambini na mitaani mwetu kuna wasichana wanaocheza mpira vizuri kuliko kaka zao. Mmoja akiumia, au familia ikihama, tunamwambia: basi, mama, yamekwisha, ngoja kuolewa. Mvulana tunamtafutia timu nyingine. Tofauti yetu na filamu hiyo iko wapi?

Watu wazima, itazameni. Watoto hapana, kuna mambo ya chumbani. Lakini mkimaliza, msibishane nani amempata Tashi. Nendeni mkamuulize binti aliye nyumbani mwenu kama bado anataka kucheza.