Kabla Hujamwita Mvivu

Msomaji mpenzi, je, umewahi kupita Mji wa Kale mwezi wa Ramadhani, saa kumi za alasiri? Ndia Kuu huwa kimya. Vijana wamejinyoosha barazani, na hata salamu hujibiwa kwa kope. Ukimwuliza mmoja wao ana nini, atakwambia, "Saumu imenishika, ndugu yangu."

Hebu rudi saa kumi na mbili. Kibokoni hapapitiki! Huyu ananunua viazi vya karai, yule anauliza kaimati, na watoto wanakwenda mbio na sahani za futari kuwapelekea majirani. Adhana bado. Hakuna aliyetia hata tone la maji kinywani. Nguvu hizi zimetoka wapi?

Kweli, jua limepungua ukali. Lakini njaa na kiu zimezidi, hazikupungua. Kubwa lililobadilika ni kwamba kila mtu anajua mwisho umekaribia, na mwili umeipata habari hiyo.

Jambo hili limechunguzwa pia ughaibuni. Mwaka wa 2014, watafiti wawili wa Colorado College, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio la ajabu. Waliwafunga wanafunzi vyombo, wakawaambia kwamba vinaonyesha jinsi walivyolala usiku uliopita. Kumbe ni hila tupu! Baadhi waliambiwa wamelala vizuri, wengine vibaya. Kisha wakapewa jaribio la kujumlisha namba haraka haraka. Walioambiwa wamelala vizuri waliwashinda wenzao, bila kujali wenyewe walihisi wamelalaje.

Basi wewe mwanafunzi unayeamka na kutangaza, "Leo nimechoka, sitaweza," jihadhari. Huenda unajipangia siku nzima kwa maneno yako mwenyewe.

Hata hivyo, sisemi kwamba uchovu wote ni mawazo. Jirani yangu mmoja, mama wa watoto watatu, alikuwa akipanda ngazi za nyumba yao kwa kutua kila mara, akihema na moyo ukimwenda mbio. Mumewe akasema ni uvivu. Wifi zake wakasema ni kijicho cha watu. Naye akayaamini yote mawili, akawa anajikaza kutwa na kulia usiku. Siku alipopimwa, ilionekana damu yake imepungua mno. Alipewa vidonge vya madini ya chuma, na baada ya miezi michache "uvivu" ule ukatoweka. Mpaka leo hakuna aliyemwomba radhi.

Imani ina nguvu, lakini haiongezi damu, wala haishushi sukari. Uchovu unaokimbia ukisikia habari njema, aghalabu hauna hatari. Lakini ule usioondoka kwa chakula wala usingizi, ukadumu majuma kadhaa, upeleke kwa daktari. Usingoje zaidi ukiwa unahema kwa kazi ndogo, unasikia kiu kila mara, unakwenda haja ndogo kupita kawaida, au umekonda bila sababu.

Basi leo jioni, mtu wa nyumbani kwako akikwambia amechoka, usimwite mvivu, wala usiwatafute mahasidi. Mwulize kwanza, "Tangu lini?" Kisha msikilize mpaka amalize.

Tukutane Jumapili ijayo, Mola akipenda.