Tunalipia kipuri, hatulipii kufikiri

Najua nimekuwa kimya wiki kadhaa. Kazi ilinibana, na wikendi moja niliyopata nikaimalizia chini ya pikapu kuukuu huko Kinangop. Kwa hivyo leo hakuna habari za seva wala za simu. Nataka tuongee kuhusu gari lisilotaka kuwaka, na jinsi pesa zinavyotutoka mfukoni kwa sababu hatupendi kupima.

Pikapu yenyewe ni Peugeot 504 ya petroli, mali ya mjomba wangu. Mkenya mwenye umri wa kutosha halihitaji kuelezwa gari hili. Ndilo aliloendesha Ove Andersson aliposhinda Safari Rally mwaka wa 1975, na pikapu zake zimebeba watu na viazi kwa miaka mingi. Hii ya mjomba hubeba maziwa alfajiri na kabeji siku ya soko. Isipowaka saa kumi na moja asubuhi, maziwa hayaondoki, na maziwa hayajui kusubiri.

Shida ilikuwa hivi. Unageuza ufunguo, stata inazungusha injini kivivu mara mbili, kisha "tak!" halafu kimya. Kesho yake inawaka mara moja kana kwamba ilikuwa inakutania.

Makanika wa kwanza alisema ni betri. Mjomba akanunua mpya, shilingi 9,500. Gari likatulia wiki mbili, ugonjwa ukarudi. Wa pili akasema ni stata. Ikaletwa nyingine kutoka Kirinyaga Road, shilingi 7,000. Siku kumi nzuri, kisha "tak!" tena. Wa tatu alipoanza kutaja alteneta, mjomba akanipigia simu.

"Wewe si unatengeneza kompyuta? Njoo uone hii."

"Mjomba, mimi naandika programu tu."

"Yote si ni umeme? Njoo."

Nikapitia Luthuli Avenue, nikanunua mita ya shilingi 800, nikapanda matatu.

Nilipofika sikushika spana. Nilianza na maswali, kama ninavyomuuliza mteja ambaye programu yake imekwama. Ilianza lini? Ni asubuhi tu au hata mchana? Kuna kitu kingine chochote kigeni ulichokiona? Mjomba akafikiri kidogo, akasema: "Waya wa choki siku hizi unapata moto nikistati. Lakini huo si wa umeme."

Kweli, waya wa choki si wa umeme. Ni uzi wa chuma wa kuvuta tu. Sasa moto unatoka wapi? Hapo nikajua tumekaribia.

Tukaweka gia huru na breki ya mkono, mjomba akakaa kwenye ufunguo, mimi nikashika mita. Vipimo vilikuwa vitatu, na hata wewe unaweza kuvifanya:

1. Betri ikiwa imetulia, gari likiwa limezimwa. Betri nzima ya volti 12 iliyojaa husoma karibu 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki kama nusu. Yetu: 12.6.

2. Betri hiyo hiyo wakati ufunguo umegeuzwa na stata inajaribu. Ikishuka chini ya 9.6 hivi, betri ndiyo mshukiwa. Yetu: 11.4. Betri haina kosa!

3. Ncha moja ya mita kwenye kichwa hasi cha betri, nyingine kwenye chuma cha injini, kisha geuza ufunguo. Hapa hutakiwi kuona hata nusu volti. Sisi tuliona volti 4.

Volti 4 zilikuwa zinapotelea njiani kabla ya kurudi kwenye betri. Injini ya gari imekalia raba ili isitikise bodi, na raba haipitishi umeme. Ndiyo maana kuna waya mnene wa ethi unaounganisha injini na bodi. Wa mjomba ulikuwa umeliwa na kutu chini ya bolti. Umeme ulipokosa barabara yake, ukatafuta kichochoro, nao ukakipata kwenye waya wa choki. Ule moto ulikuwa ujumbe wa kosa, ila hakuna aliyeusoma.

Kwa nini taa na redio zilifanya kazi vizuri? Kwa sababu umeme wake hurudi kwenye betri kupitia bodi bila kupita ule waya wa injini, tena hizo hula ampea chache tu. Stata huvuta zaidi ya ampea 100. Chukua ile kanuni ya Ohm ya shuleni: ukinzani wa omu 0.02, kidogo mno hata mita ya bei rahisi haiwezi kuupima, ukizidisha kwa ampea 150 unapoteza volti 3. Gari likiwa limelala kila kitu kinaonekana kizima. Ni lazima upime likiwa kazini. Wenzangu wa programu mnalijua hili: mfumo unakimbia vizuri kwenye mashine yako, siku watu elfu moja wakiingia pamoja unaanguka.

Na kwa nini betri mpya "ilisaidia" wiki mbili? Kubadilisha betri lazima ufungue waya na kuzifunga tena. Ile bolti ikatikisika, kutu ikasogea kidogo, umeme ukapita. Makanika akadhani ametibu. Ni kama kuzima seva na kuiwasha tena halafu kuandika kwenye ripoti "tatizo limetatuliwa".

Dawa ilikuwa kufungua bolti, kusugua kwa msasa hadi chuma king'ae, kuweka waya mpya wa shilingi 400 na kupaka grisi juu. Dakika 30 hivi. Tangu siku hiyo pikapu inawaka kila alfajiri.

Sasa maoni yangu. Sitaki kuwalaumu mafundi wa jua kali. Wengi wana sikio linaloshinda mita yangu. Wa kulaumiwa ni sisi tunaolipa. Mjomba alipoona ile bolti aliniambia ukweli: "Fundi angenikazia hii tu, ningempa mia mbili, na hata hiyo ningelalamika." Lakini aliyemwekea stata alilipwa bila maneno, kwa sababu stata unaiona kwa macho. Basi fundi afanye nini? Akitumia saa nzima kupima, analala njaa. Akikisia na kuuza kipuri, anakula. Tumeanzisha soko linalomwadhibu anayefikiri, kisha tunashangaa kwa nini kila mtu anakisia.

Kwenye kompyuta ni vivyo hivyo. Mteja anakubali kununua mfumo mpya wote, lakini ukimwambia unataka siku mbili za kutafuta mstari mmoja wenye kosa, anauliza: "Siku mbili za kutafuta tu?"

Mtu atasema kubadilisha nako ni kupima. Sawa, kama unaazima. Weka betri ya jirani dakika kumi, uone. Hilo ni jaribio. Lakini kununua ili ujue kama ulikosea ni kamari.

Kwa hivyo ombi langu ni moja. Safari ijayo gari likigoma, mwambie fundi hivi: "Nitakulipa kwa kutafuta, hata usipobadilisha kitu. Nionyeshe tu kipimo." Shilingi 1,000 za kutafuta zingemwokolea mjomba zaidi ya 15,000.

Betri ya zamani tuliijaza chaji, tukaipima. Ilikuwa nzima. Sasa inawasha taa kwenye zizi la ng'ombe, na kila nikiiona namkumbusha mjomba ile ndiyo taa ghali kuliko zote Kinangop.

Haya, tuonane tena. Na kaguaneni ethi zenu.