Kila Mtoto na Ubao Wake

Wiki hii twapenda kuzungumza juu ya jambo lililoingia katika nyumba nyingi za pwani yetu na kuleta mashauri marefu, na mahali pengine machozi. Jambo lenyewe ni hili: elimu ya mtoto ni ya nani? Ni ya mzazi anayelipa karo, ni ya mwalimu anayefundisha, ama ni ya mtoto mwenyewe anayesoma?

Swali hili halikuzuka bure. Chini ya Mtaala wa Umilisi, ule tuliouzoea kwa jina la CBC, mwanafunzi wa Gredi ya 9 hutakiwa kuchagua njia moja kati ya tatu kabla ya kuingia sekondari ya juu. Ya kwanza ni Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati. Ya pili ni Sayansi za Jamii. Ya tatu ni Sanaa na Michezo. Kundi la kwanza lilifanya mtihani wake mwaka 2025 na likaingia Gredi ya 10 Januari 2026. Sisi tuliolelewa katika nyakati nyingine, na hata waliopitia mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, hatukuzoea kumwona mtoto wa miaka kumi na minne akiulizwa rasmi: wewe wataka kusoma nini?

Wazazi kadhaa wametuletea mashaka yao. Yuko baba ambaye ameshaamua kuwa mwanawe atakuwa daktari, na kila jirani ameshaambiwa, ilhali kijana mwenyewe akili yake iko katika historia na uandishi. Yuko mama ambaye binti yake apenda sayansi, naye aona kuwa kumwacha aifuate ni kumtoa katika dini, kwa kuwa Elimu ya Dini ya Kiislamu na lugha ya Kiarabu zimewekwa katika njia ya Sayansi za Jamii. Wako pia wazazi waliosema, “Naachague atakacho, hizo ndizo zama zao,” kisha wakanyamaza. Twaona kwamba wote watatu wanahitaji kukumbushwa jambo moja, nalo si geni kwetu.

Chuo chetu cha Kurani, kile cha ubarazani ambacho wengi wetu tulianzia, hakikuwa na darasa moja la watoto wanaokwenda pamoja kama kwata ya askari. Kila mtoto alikuwa na ubao wake na mahali pake alipofika. Mmoja alikuwa katika alifu na be, wa pili ameingia katika irabu, wa tatu yumo katika juzuu ya Amma, na wa nne akaribia kukhitimu. Nao wote wameketi mkeka mmoja. Mwalimu alimwita kila mmoja kwa zamu, akamsikiza, akamsahihisha, kisha akampa somo lake yeye. Aliyeshika upesi alisogezwa mbele, na aliyekawia alirudishiwa pale pale mpaka ashike, wala hakuambiwa kuwa wenzake wamemwacha. Mwanafunzi mkubwa alimsomesha mdogo, na kwa kumsomesha akazidi kuthibitika yeye mwenyewe. Ukimwuliza mtoto yeyote amefika wapi, alikuwa na jibu. Alilijua somo lake kwa kuwa lilikuwa lake.

Hatusemi kuwa kila kitu cha chuo kilikuwa chema. Bakora ilitumika mno mahali pengine, na Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 1406, alikwisha kuonya katika Muqaddima yake kwamba ukali uliopita kiasi humharibu mwanafunzi na kumfundisha uongo na hila. Alishikilia pia kuwa elimu hupewa mtoto kidogo kidogo, kwa kadiri ya akili yake inavyoweza kupokea. Imamu al-Ghazali naye, alipoeleza wajibu wa mwalimu katika Ihya, alitaja kuwa mwanafunzi asitwishwe lililo juu ya fahamu yake. Kwa hivyo, walimu wa leo wanaposema kuwa kila mwanafunzi afundishwe kwa mwendo wake na kipawa chake, wanaligusa jambo ambalo wanazuoni wetu walilijua zamani. Hata hapa Mombasa, tangu miaka ya 1980, mpango wa shule za chekechea za madrasa umewafundisha walimu, wengi wao wakiwa akina mama wa mitaani mwetu, kuwapa watoto wadogo nafasi ya kuchagua shughuli zao na kujifunza kwa kutenda, kwa vifaa vinavyopatikana pale pale.

Tukirudi katika zama za Mtume, rehema na amani zimshukie, twaona wazi kuwa masahaba hawakupewa kazi moja wote. Bilal aliteuliwa kwa sauti yake akawa mwadhini. Hassan bin Thabit aliitumikia dini kwa ushairi. Zaid bin Thabit, kijana mwenye akili ya kushika upesi, aliamrishwa ajifunze maandishi ya Mayahudi, na baadaye, katika ukhalifa wa Abubakar, akakabidhiwa kazi ya kuikusanya Kurani. Kila ndege huruka kwa ubawa wake, na mlezi mwema ni yule anayeutazama ubawa kabla ya kuamuru safari.

Kwa yule mama anayechelea sayansi, twapenda kumkumbusha mgawanyo uliowekwa na wanazuoni. Iko elimu iliyo fardhi kwa kila mtu: kumjua Mola wake, kutawadha, kusali, kufunga, kujua halali na haramu ya maisha yake. Hii haichaguliwi, msichana wa hisabati na mvulana wa mpira wote ni lazima waijue, na mahali pake ni nyumbani na madrasani, njia ya shuleni iwe iwayo. Kisha iko fardhi ya kutoshelezana, ambayo wakiifanya baadhi ya watu wengine hupona dhambi. Al-Ghazali alihesabu tiba na hesabu katika fungu hili, na alilalamika kuwa watu wa zama zake walisongamana katika fikihi huku miji mingine haina tabibu Mwislamu. Basi hapa ndipo mahali pa uchaguzi. Binti anayesoma biolojia kwa nia njema ili awe mkunga wa mama zetu hakuiacha dini. Ametubebea sisi sote fardhi. Wala kijana anayesoma historia hakupungukiwa na hadhi, maana umma usio na waandishi husimuliwa na wengine.

Kwa yule aliyemwachia mtoto kila kitu, twasema: kuchagua bila kujua si kumiliki elimu, ni kubahatisha. Az-Zarnuji, katika kile kitabu chake mashuhuri juu ya adabu za mwanafunzi, alishauri kuwa mwanafunzi asijichagulie fani peke yake, bali amwachie mwalimu aliyeonja mambo na anayejua kinacholingana na tabia ya kila mmoja. Hatulichukui neno hili kuwa ni kumfunga mtoto mdomo. Twalichukua kuwa ni ukumbusho kwamba uchaguzi wahitaji shura. Mtoto huleta shauku na kipawa chake, mwalimu huleta alichokiona darasani, na mzazi huleta hekima ya maisha na ukweli wa mfuko. Na ukweli mwingine usifichwe: ziko shule zisizo na maabara ya kutosha, na ziko zisizo na hata chombo kimoja cha sanaa. Mtoto akichagua njia ambayo shule yake haiwezi kuifundisha, amepewa jina la uchaguzi tu. Mzazi aulize mapema, na wazazi wakiwa wengi wauulize uongozi wa shule kwa pamoja. Tena, njia zote tatu zimebakisha hisabati kuwa somo la lazima, ila wa njia ya sayansi husoma iliyo nzito zaidi. Kwa hivyo asidanganyike mtoto kuwa kuchagua ni kulikimbia lililo gumu.

Akina mama, nanyi mna mfano wenu katika jambo hili. Imepokewa kuwa wanawake wa Madina walimwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, wakamweleza kuwa wanaume wamewashinda kwa kumzunguka, wakaomba wawekewe siku yao wenyewe ya kusomeshwa, naye akawawekea. Tazameni vizuri. Wao walijua wanachokikosa, wakajua wa kumwendea, wakasema kwa adabu, na walipopewa siku wakahudhuria. Huko ndiko kuimiliki elimu. Mwenye elimu ni yule anayejua amefika wapi, anajua kwa nini anasoma, na yu tayari kuulizwa juu ya alichojifunza. Mtoto wa namna hiyo hata akibadilisha njia kesho hatapotea, na mtoto asiyekuwa hivyo hata akichaguliwa njia bora ataibeba kama mzigo wa mwenyewe.

Basi tuanzie nyumbani, na tusingoje Gredi ya 9. Siku moja katika wiki, baada ya sala ya magharibi, simu zikiwa zimewekwa kando, mtoto aketi na wazazi wake na aulizwe maswali matatu: wiki hii umejifunza nini usichokijua wiki iliyopita? Ni lipi lililokushinda, nawe wafikiri nani atakusaidia? Na hilo ulilojifunza litamfaa nani? Mzazi asikimbilie kujibu, wala asimtaje mtoto wa jirani. Ikiwa mama hakupata kusoma shule, maswali haya hayahitaji cheti. Yahitaji sikio na subira. Na pale mtoto anapokiri kuwa jambo limemshinda, asikemewe, maana akikemewa leo, kesho ataficha, na kilichofichwa hakifunzwi.

Siku ya Kiyama kila mmoja wetu ataulizwa juu ya elimu yake alivyoitumia, na mtoto wako atasimama kuulizwa peke yake, wewe hutamjibia. Ni vyema basi azoee kujibu tangu sasa, akiwa bado karibu na mkono wako. Twamwomba Mwenyezi Mungu awape watoto wetu elimu yenye manufaa, na atupe sisi wazazi na walimu macho ya kuviona vipawa alivyowapa. Amin.

Wabillahi tawfiq.