Mzungu Akilala Garini ni Shujaa, Sisi Tukilala Gesti ni Wahuni?



Leo hatuzungumzi shela wala hina. Tunazungumza midomo ya watu.

Nani kati yetu hajaletewa kwenye simu video ya mwanamke wa Kizungu anayezunguka Afrika peke yake, kwa gari lenye kitanda na jiko ndani? Anachemsha chai humo, anafua, analala. Watu wetu wanamsifu: jasiri huyu, anajua maisha, mashallah. Sasa atoke mama wa Unguja na robota lake la madira na abaya, avuke kwa boti, apande basi Dar es Salaam mpaka Ngara, mkoa wa Kagera, zaidi ya kilomita 1,000. Maneno yanageuka. "Mume wake yuko wapi? Huko anauza nguo au anauza nini?"

Yule anatembea kujifurahisha, anapigiwa makofi. Sisi tunatafuta ada ya skuli, tunatukanwa.

Na si yeye tu. Fikeni Benaco, wilayani Ngara, pale palipokuwa na kambi kubwa ya wakimbizi wa Rwanda mwaka 1994. Leo ni kituo cha malori yanayokwenda mpaka wa Rusumo. Madereva wanalala ndani ya malori yao, wiki nzima hawajaona nyumba. Hakuna anayewauliza wake zao wako wapi.

Sisi njia ile tunaijua. Kahama, Nyakanazi, Lusahunga. Hapo barabara zinagawana, moja Biharamulo mjini, nyingine Benaco na Ngara. Kwenye mkoba kuna msala, kanga, chupa ya udhu, tende, sweta kwa baridi ya milima ya Ngara, na kufuli letu wenyewe, maana komeo la gesti si la kuaminiwa. Adhuhuri na alasiri tunazikusanya, rakaa mbili mbili, kama msafiri alivyoruhusiwa. Pesa zinakaa kwenye simu, si kwenye sidiria. Magharibi isitukute njiani. Misitu ya Biharamulo iliwahi kusifika kwa majambazi, mabasi yakapita kwa kusindikizwa na polisi. Haya ni maisha ya mhuni? Mhuni gani anayehesabu rakaa na funguo?

Tutaambiwa maharimu. Hadithi zipo, hatuzichezei. Maulamaa wamezungumza, na wametofautiana kuhusu njia ikiwa salama na mwanamke akiwa na wenzake waaminifu. Ndiyo maana tukiweza tunafuatana wawili watatu. Kila mmoja amuulize shehe wake. Lakini aulizwe shehe, si jirani wa barazani. Na wewe kaka unayekemea kwa sababu hatuna maharimu, kata tiketi tuongozane. Robota ni zito, utatusaidia kulibeba.

Wengine wanasema Bi Khadija alifanya biashara bila ya kutoka. Kweli, alituma watu. Alimtuma Mtume (SAW) kabla ya utume, pamoja na mtumishi wake Maysara, mpaka Sham. Lakini Bi Khadija alikuwa na mtaji wa kuajiri. Mtaji wetu ni robota moja.

Kisha kuna hili ambalo wakemeaji hawalifikirii. Bibi harusi wa Kiislamu wa Biharamulo naye anataka nguo ya stara iliyomkaa vizuri. Nani ampime kifua na kiuno? Fundi mwanamme wa sokoni? Vipimo vya bibi harusi havichukuliwi kwa simu. Anayetaka binti yake apimwe na mwanamke, basi amwache fundi mwanamke asafiri kwa heshima yake.

Na anayetutuhumu uchafu ajue anachokicheza. Suratun Nur imeweka mashahidi wanne, na asiyewaleta viboko 80. Kuona mtu amepanda basi si ushahidi hata mmoja.

Mabibi harusi, hili ni lenu zaidi. Tunaona wasichana wana cherehani na wateja, wakiolewa wanaambiwa safari basi, cherehani inageuka meza ya kuwekea runinga. Semeni kabla ya nikaha, mbele ya walii: mimi nina kazi, ina safari, unaridhia? Utanisindikiza, utanitafutia wa kunisindikiza, au utanitosheleza mimi na wazazi wangu? Akinyamaza, nyamaza na wewe, usiseme ndiyo. Mume muungwana atajibu. Asiyejibu leo atakujibu ukiwa stendi na mzigo kichwani, na jibu hilo hutalipenda.

Allah awasitiri wasafiri wote, na atupe riziki ya halali popote ilipo, hata ikiwa Ngara.