Wanasheria wanaongezeka, mbona Kinyerezi hawaonekani?

KILA siku kuna viwanja vinavyouzwa na kununuliwa pembezoni mwa Jiji la Dar es Salaam. Kuanzia Kinyerezi hadi Pugu, Mbezi hadi Chamazi, mashamba ya mihogo na mikorosho yamekatwa vipande na kugeuzwa makazi.

Utaratibu wake unafahamika. Dalali anamwonyesha mnunuzi kiwanja, bei inapatana, pande mbili zinakwenda ofisi ya serikali ya mtaa na mashahidi wao, karatasi inaandikwa na kupigwa muhuri. Fedha zinahesabiwa hapo hapo. Mara nyingi ni akiba ya miaka mingi, au mkopo ambao mwajiri ataukata kwenye mshahara.

Anayekosekana katika meza hiyo ni mwanasheria.

Pengo hilo lina gharama. Mwanasheria aliyefunzwa angeuliza mambo ambayo muhuri hauyajibu. Je, muuzaji ana mwenza, na mwenza huyo ameridhia? Kama mwenye shamba alikwishafariki, mahakama imemteua nani kusimamia mirathi? Eneo hilo limepimwa? Limewekwa rehani benki? Limo katika hifadhi ya barabara?

Mnunuzi asiyeuliza hayo leo huja kuulizwa na hakimu baada ya miaka mitano, nyumba ikiwa imekwishafika kwenye lenta.

Ndiyo maana suala la wapi na namna gani taifa linafundisha wanasheria wake si la wasomi peke yao. Ni suala la uchumi wa mwenye kiwanja, mwenye duka na mkulima anayetaka kuuza ekari mbili ili asomeshe watoto.

Tanzania ilianza mapema. Kitivo cha Sheria kilifunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, wiki chache kabla ya Uhuru. Kilikuwa kitivo cha kwanza cha chuo kikuu nchini, na kilipokea pia vijana kutoka Kenya na Uganda. Kabla ya hapo, aliyetaka kuwa wakili alilazimika kuvuka bahari.

Kwa miaka mingi mhitimu wa shahada aliingia kazini baada ya mafunzo ya muda chini ya ofisi za Serikali. Vyuo vilipoongezeka, utaratibu huo ukaelemewa. Mwaka 2007 Bunge likapitisha sheria ya kuanzisha Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ambayo wengi huiita Law School. Wanafunzi wa kwanza walianza mwaka 2008, na baadaye Taasisi ikahamia katika majengo yake Barabara ya Sam Nujoma.

Hapo mhitimu wa shahada ya sheria husoma kwa mwaka mmoja, sehemu darasani na sehemu katika mahakama na ofisi za sheria. Hufundishwa kuandaa hati za madai, kuhoji shahidi, kuandika mkataba na kutunza fedha za mteja. Asiyepita hapo hawezi kuomba kuapishwa kuwa wakili.

Kwa nia, uamuzi ule ulikuwa sahihi. Shahada humfundisha mtu sheria inasema nini, lakini mteja wa Kinyerezi anahitaji mtu anayejua afanye nini Jumatatu asubuhi.

Hata hivyo, mlango ni mwembamba. Oktoba 2022 matokeo ya mkupuo mmoja yalizua mjadala nchi nzima. Kati ya wanafunzi 633, waliofaulu masomo yote walikuwa 26. Wengine 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani, na 265 waliondolewa.

Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, Dk. Damas Ndumbaro, aliunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza kiini cha tatizo. Vyuo vikuu vilinyooshewa kidole kwa kutoa wahitimu dhaifu, nayo Taasisi ikalaumiwa kwa namna inavyofundisha na kutahini.

Mjadala huo ulihusu zaidi wanafunzi na walimu. Mteja hakutajwa sana, ingawa ndiye anayelipa mwishoni.

Mwanafunzi anayemaliza shahada huingia katika mwaka mwingine wa ada, kodi ya chumba na nauli, katika jiji ambalo maisha yake ni ghali, tena bila mshahara. Akirudia mitihani, gharama inaongezeka. Kijana huyo akishaapishwa, haendi kufungua ofisi penye wateja wa mkataba wa kiwanja cha futi hamsini kwa hamsini. Anatafuta ajira benki, wizarani au katika kampuni kubwa za mawakili katikati ya jiji, ili arudishe alichotumia.

Si kosa lake, ni hesabu. Lakini matokeo yake ni kwamba wanasheria wanarundikana mjini, wakati mji wenyewe umehamia pembezoni. Mwaka 2002 Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu wapatao milioni 2.5. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728. Wengi wa walioongezeka wamejenga kule ambako ramani za mipango miji zilichelewa kufika.

Serikali haijakaa kimya. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria, ambao hutoa ushauri bure katika kata na vijiji. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama. Mwaka huo huo Mahakama ilifungua vituo jumuishi vya utoaji haki, kikiwamo cha Temeke kinachoshughulikia mirathi na mashauri ya ndoa.

Lakini msaidizi wa kisheria haruhusiwi kumsimamia mtu mahakamani. Nacho kituo cha Temeke, pamoja na manufaa yake, hufikiwa na watu wakati ugomvi umekwishazuka. Kinyerezi inahitaji zaidi mtu wa kuzuia ugomvi, kabla fedha hazijahesabiwa.

Jirani zetu Uganda wametoa mfano mmoja. Kituo chao cha mafunzo ya uanasheria, kilichoanzishwa Kampala mwaka 1970, kimefungua matawi Mbarara na Lira. Mwanafunzi wa magharibi au kaskazini halazimiki tena kuhamia mji mkuu, na akihitimu yupo karibu na wateja wake.

Kuna wanaosema dawa ni kulegeza mtihani ili mawakili wawe wengi. Hilo ni hatari. Mkataba mbovu ulioandikwa na wakili una madhara kuliko ule wa mwenyekiti wa mtaa, kwa sababu mnunuzi anauamini zaidi. Mtihani ubaki mgumu. Kinachotakiwa kurekebishwa ni maandalizi ya kuufikia na mahali pa kujifunzia.

Hapo ndipo muda wa mafunzo kazini unapoweza kufanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Badala ya wanafunzi wengi kugombea nafasi katika ofisi zile zile za mjini, baadhi wangepangwa katika ofisi za kata kama Kinyerezi, chini ya wakili mwenye uzoefu, siku mbili au tatu kwa wiki. Wangesoma mikataba ya viwanja kabla haijasainiwa, wangesaidia familia kufungua mirathi, na wangemweleza mfanyabiashara mdogo anachokiweka rehani anapokopa.

Jengo la kuanzia lipo, kwa kuwa ofisi ya kata ipo. Wateja wapo. Kinachohitajika ni posho ya nauli kwa mwanafunzi, malipo ya haki kwa wakili msimamizi, na kanuni inayotamka wazi kuwa mwanafunzi anashauri tu, na msimamizi ndiye anayesaini.

Faida ingerudi pia kwa Taasisi. Mwanafunzi aliyemweleza mama muuza genge, kwa Kiswahili kinachoeleweka, kwa nini asilipe fedha zote kabla ya kuona barua ya usimamizi wa mirathi, amekwishafanya mtihani mgumu kuliko wa darasani.

Kwa wakati huu, mnunuzi wa kiwanja asisubiri mageuzi. Aandikiane na muuzaji, aombe ridhaa ya mwenza wake, aende ofisi ya ardhi kufanya upekuzi, na atenge sehemu ya bajeti kwa ajili ya wakili kabla hajaagiza lori la kwanza la mchanga. Ada ya wakili huuma siku moja tu, lakini kesi ya ardhi huweza kurithiwa na watoto.