Likizo ya kula: Mtwara au Zanzibar?

Mama mmoja wa Mjimwema, hapa Songea, amenisimamisha sokoni wiki hii na swali ambalo najua wengi mnalo. Yeye na mumewe wameuza mahindi, wameweka akiba kidogo, na wamewaahidi watoto kwamba shule zikifungwa Desemba watakwenda kula vyakula vya pwani. Mume anataka Zanzibar. Yeye anaona Mtwara inatosha. Wamebishana mpaka watoto wameanza kupiga kura.

Wazazi wenzangu, nami nilishawahi kubishana hivyo na baba watoto. Nikashinda, nikajuta.

Nilishikilia Zanzibar. Kutoka Songea hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900, siku nzima ndani ya basi. Tukalipia chumba Dar, kesho yake tukalipia boti, tukalipia chumba tena Unguja. Jioni tukaenda Forodhani. Taa zimewaka, mishikaki inanukia, pweza wamepangwa mezani. Nikafungua pochi: nauli ya kurudi, na kiasi kidogo tu juu yake. Tukanunua chipsi sahani mbili, tukala watu watano. Binti yangu, wakati huo ana miaka 8, akauliza, "Mama, kwani wale pweza ni wa Wazungu tu?"

Nikamwambia pweza wangemuumiza tumbo. Chipsi nimeshazisahau. Uongo ule bado unanisuta.

Sisemi Zanzibar ni mbaya. Kwa mapishi, haina mpinzani kwetu. Urojo peke yake ni somo: mchuzi mzito wa manjano wenye ukali wa embe mbichi au ukwaju, ndani viazi, bajia, kachori, na mishikaki ukitaka. Kuna mkate wa kumimina, kuna pilau, kuna juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi. Ukiwapeleka watoto kwenye mashamba ya viungo, wataona kwamba mdalasini ni gamba la mti na karafuu ni tumba la ua lililokaushwa. Mtoto anayejua hayo hali pilau kama zamani.

Lakini tuitazame Mtwara. Ni zaidi ya kilomita 600 kutoka hapa, kupitia Namtumbo, Tunduru na Masasi. Wakubwa mnaikumbuka njia hiyo masika, malori yamezama kwenye tope siku kadhaa. Sasa ni lami, na hakuna boti ya kulipia. Tena mlo unaanza njiani: kuanzia Tunduru mtaiona mikorosho, na mwisho wa mwaka ndio msimu wake. Mtoto aliyezoea korosho za pakiti ataona kwamba kila korosho huning'inia chini ya bibo, atalionja bibo lenyewe na kukunja uso.

Mjini mtapata samaki wabichi na pweza, na samaki wa nazi kwa ugali wa muhogo. Ulizeni ming'oko: ni mizizi ya porini inayochemshwa, chakula cha watu wa kusini ambacho si rahisi kukipata kwetu. Mikindani iko jirani kabisa, mji mkongwe ambako Livingstone alianzia safari yake ya mwisho mwaka 1866. Watoto wamemsoma darasani. Mle samaki hapo huku wakikueleza wewe.

Sasa kipimo changu. Chukueni karatasi, baba na mama pamoja. Andikeni nauli za kwenda na kurudi, kisha malazi, kisha chakula. Kama nauli na malazi vimemeza karibu fedha zote, mtakuwa mmekwenda kupanda basi, hamkwenda kula. Kwa familia yenye watoto watatu na akiba ya gunia chache, hesabu hiyo mara nyingi itaelekea Mtwara. Kama mna ndugu wa kuwalaza Dar au Unguja, inaweza kugeuka. Zanzibar isubiri watoto wakue kidogo, wakati wanaweza kuvumilia safari na kukumbuka walichoonja.

Mambo mawili kabla hamjaondoka. Kwanza, tengeni fedha ya chakula kwenye bahasha yake, isiguswe kwa nauli wala kwa chumba. Pili, mtoto ambaye hajawahi kula pweza, kaa, kamba au korosho aonjeshwe kidogo kwanza, msubiri. Akivimba midomo, akitokwa na vipele au akipumua kwa shida, msingoje kupambazuke, mkimbizeni hospitali.

Mama wa Mjimwema nilimjibu hivyo, akacheka, akasema atamwonyesha mumewe karatasi badala ya maneno. Nikamwongezea moja. Huko mwendako mtakutana na chakula ambacho mfuko hauwezi. Msimwambie mtoto kwamba kitamdhuru. Mwambieni ni ghali, nunueni kipande kimoja, mgawane. Binti yangu sasa ana miaka 15, na pweza bado hajamgusa. Anasema wanaumiza tumbo.

Tukutane wiki ijayo.