Mbona bibi hayumo kitabuni?
Mwandishi, hongera, ila hapo uliposema maktaba yatosha kumjulisha mtoto makabila ya Kenya, ngoja kwanza. Huku Msambweni binti yangu aliazima kitabu cha makabila, kikuukuu kweli, jalada limeshikiliwa na selotepu. Akahesabu 42, akaniuliza, “Mama, mbona bibi hayumo?” Bibi yake ni Mmakonde, ana chale usoni. Wazee wa kabila lake walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa, na hadi Wamakonde walipotembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi Oktoba 2016 ndipo serikali ikawatambua kuwa kabila la 43. Nawe mchangiaji wa hapo juu unayewaita wageni wa juzi, hebu soma basi! Sasa binti ataka kitabu cha Wapemba, waliotambuliwa 2023. Nani anajua kinapopatikana?